Fundi wa Mate ya Tumbo

Walisema hataweza. Karani wa stoo alisema mzee asiyejua kuandika jina lake hawezi kutengeneza kitu kinachotoka Ulaya ndani ya mifuko yenye maandishi ya buluu. Wachinjaji walisema atachoka kubeba uchafu wa matumbo kabla mvua ya Aprili haijaanza. Tajiri wa kiwanda, bwana wa Kipunjabi aliyekuwa na duka la viatu mjini Nakuru kabla hajanunua kiwanda cha ngozi, alisema, "Fundi, siku utalainisha ngozi na hiyo takataka ya nyama, mimi nitafunga hapa niuze mandazi." Nami pia nilisema hataweza, tena nilisema kwa Kiingereza, ili hata wasioelewa wajue kwamba neno la mwisho limetoka.

Nilikuwa na haki ya kusema. Mimi ni mtoto wa kambi ya vibarua kwenye shamba la mzungu kule Subukia. Niliuza karoti kwenye stesheni ya reli, nikasoma kwa posta chini ya taa ya koroboi, nikafagia ofisi za watu ambao baadaye waliniandikia barua za "Mpendwa Bwana". Hakuna mjomba aliyenisukuma wala chifu aliyeniombea. Mwishoni mwa miaka ya sitini nikarudi kutoka Uingereza na suti mbili, mizani ndogo ya shaba, na diploma ya utengenezaji wa ngozi yenye mhuri mwekundu. Niliitundika ofisini mahali ambapo anayeingia aione kabla hajaniona mimi. Katika Nakuru yote sikumjua mwingine mwenye karatasi kama ile, na kama alikuwepo, alijificha vizuri.

Mzee huyo aliniita Diploma tangu siku ya kwanza. Hakuwa akinidhihaki. Aliliheshimu neno hilo kuliko nilivyolistahili, na heshima hiyo ndiyo iliyotuponza, kama nitakavyoeleza. Sisi sote tulimwita Fundi. Jina lake nalijua, lakini kiwandani hakuna aliyelitumia, nami sitalitumia hapa.

Kwanza niseme juu ya usafi wake, kwa kuwa ndio uliowashangaza wageni. Kiwanda cha ngozi kinanuka. Chetu kilikuwa nje kidogo ya mji, mahali ambapo upepo ulipeleka harufu kwa watu wasio na sauti ya kulalamika. Dawa ya kunyonyoa manyoya ilinuka mayai yaliyooza, na ukifanya kazi pale mwezi mmoja, mkeo anakutengea blanketi. Fundi alifanya kazi ile karibu maisha yake yote, na bado ukikaa naye kanisani Jumapili ungedhani ni mwalimu wa shule. Alijisugua kwa majivu, kisha kwa sabuni ya kipande, kisha kwa majani ya mlimau, kwa utaratibu huo huo kila jioni. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za karani wa stoo, ambaye hakushika kitu ila kalamu.

Lakini mtu huyo aliyejua ngozi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, hapa na ng'ambo, hakuvaa kiatu cha ngozi. Alivaa akala, zile ndara za tairi la gari.

"Kwa nini, Fundi?" nilimuuliza. "Tajiri anakupa jozi kila Krismasi."

"Nawapa watoto."

"Na wewe je?"

Akaangalia miguu yake. "Nikivaa kiatu cha hapa nitaona makosa yangu siku nzima. Tairi halikutengenezwa na mimi. Likiharibika, nacheka."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo mengi, na mengine aliyasema kwa ukali. Kijana akivuta ngozi kwa haraka alimwambia, "Hiyo si mbuzi anakimbia, imeshakufa, iheshimu." Mtu akiuliza kazi itaisha lini: "Ngozi haisomi saa." Ile methali isemayo ngozi ivute ingali maji aliipenda sana, akidai kwamba aliyeitunga bila shaka alikuwa mtu wa kazi yetu. Alipomsikia mhubiri mmoja akiitumia kuhusu malezi ya watoto, alimngoja mlangoni baada ya ibada akamweleza kwa nusu saa jinsi ngozi inavyovutwa hasa, na ni maji kiasi gani. Mhubiri hakuirudia tena methali hiyo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa maneno ambayo hata asiyewahi kukanyaga kiwanda ataelewa. Ngozi ikitoka kichinjioni inapakwa chumvi. Kiwandani inalowekwa, halafu inaingia kwenye chokaa na ile dawa yenye kunuka, manyoya yatoke. Ikitoka huko ni nene na ngumu kama mpira. Ukiipeleka hivyo kwenye maji ya magome ya miwati, ambayo ndiyo yanaigeuza iwe ngozi ya kiatu isiyooza, utapata ubao. Ni lazima kwanza ilainishwe, na kilainisho hicho ni kimeng'enya.

Kimeng'enya si mdudu, wala si sumu. Ni kitu ambacho mwili unakitengeneza ili kuvunja chakula. Ndicho kinachofanya nyama uliyokula saa sita isiwe nyama tena saa moja jioni. Tindikali inachoma kila inachogusa. Kimeng'enya kinachagua cha kukata, kinakikata, halafu chenyewe kinabaki kama kilivyokuwa na kuendelea na kingine. Kidogo kinatosha. Hakihitaji moto mkali, na kikimaliza kazi hakiachi sumu mtoni. Haya niliyajifunza darasani, nikafaulu kwa alama nzuri, na nikarudi nikidhani mimi ndiye wa kwanza kuyaleta Bonde la Ufa.

Fundi aliyajua kabla sijazaliwa. Enzi za mzungu wake wa kwanza walilainisha ngozi kwa kinyesi cha njiwa kilichochachushwa ndani ya pipa, na ilifanya kazi. Alikiita kitu hicho mate ya tumbo.

"Mate ya mdomo yanalainisha ugali," aliniambia. "Mate ya tumbo yanalainisha nyama. Ngozi ni nyama, Diploma. Njiwa ametemea tu."

Baadaye ikaja mifuko ya maandishi ya buluu kutoka Ulaya, unga wa kahawia usionuka sana, na njiwa wakastaafu. Kila mtu alifurahi. Halafu, miaka ya sabini ilipoanza, mifuko ikawa inachelewa bandarini, na bei yake ikapanda kila ilipofika. Tajiri alianza kusema waziwazi kwamba kiwanda kitafungwa na watu wataenda nyumbani.

Siku moja Fundi alirudi jioni kutoka kichinjioni na ndoo. Ndani mlikuwa na kongosho, kile kinyama laini cha rangi ya waridi kilichojificha nyuma ya tumbo la ng'ombe, ambacho wachinjaji walikuwa wakiwatupia mbwa.

"Huu ndio mfuko wa Ulaya," akasema. "Wao waliuokota hapa hapa tu."

Alikuwa amesema kweli. Unga ule hutokana na kongosho, na mimi nilisoma hivyo kitabuni, lakini sikuwahi kufikiri kwamba kitabu changu kilikuwa kinazungumzia kitu kinacholiwa na mbwa wa Nakuru.

Mbwa wenyewe hawakumsamehe. Wao ndio waliokuwa maadui zake wa pekee. Kila alfajiri walimsubiri kwenye geti la kichinjio, wakamfuata mpaka kiwandani wakinung'unika, kundi zima, naye akitembea mbele na ndoo kama askofu. Yeye ambaye hakuwaogopa nyuki wala mzungu, aliogopa mbwa vibaya sana. Alikuwa akiwabembeleza: "Samahani, wazee. Samahani. Kesho nitawaachia mifupa." Na aliwaachia. Nilimwona nikiwa dirishani, akitimiza ahadi kwa mbwa asiowajua.

Namna yake ya kupima ilinichekesha. Mimi nilikuwa na kipimajoto na karatasi za kupimia uchachu wa maji, zinazobadilika rangi. Yeye aliingiza kiwiko ndani ya tangi. "Maji yakizidi joto la kwapa la mtoto, umepika." Nilipima mara nyingi baada yake kwa siri, nikitumaini kumkamata. Sikumkamata. Kujua kama ngozi imelainika, aliibonyeza kwa kidole gumba. Ikiwa mbichi, inarudi kama mpira. Ikiwa tayari, alama ya kidole inabaki pale, mistari yote, kama mtu aliyeweka sahihi. Niliposoma Ulaya mzee mmoja alitufundisha jambo hilo hilo na kidole hicho hicho. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika, kwa kuwa nilidhani mitihani haitauliza vidole, na kweli haikuuliza.

Sasa nifike kwenye ngozi za kuazima.

Tajiri alikataa katakata ngozi yake ijaribiwe. Fundi hakubishana. Alichukua baiskeli yake, akaenda kwa watu aliowajua: wauza nyama wanne wa mjini, mkulima wa viazi wa Olenguruone aliyekuwa ameleta gunia zake sokoni, na watu wanne wa Subukia. Alimwomba kila mmoja ngozi moja. Hakutaka kuinunua wala kuahidi faida. Aliazima jinsi watu wanavyoazimana fahali wa kulimia, kwa neno tu: "Niazime hii, nitakurudishia ikiwa laini, ikae kwako maisha." Watu tisa walimpa. Mimi nilirudi na diploma na sidhani kama watu tisa wangeniazima kiberiti.

Wa tisa alikuwa mjane wa Subukia. Shamba la mzungu lilipogawanywa yeye na marehemu mumewe walipata kipande, na ng'ombe wao wa kwanza waliyemnunua aliitwa Maridadi. Maziwa ya Maridadi ndiyo yaliyowapeleka watoto wake watatu shule. Maridadi alipokufa kwa ndigana, ile homa ya kupe, mjane alikataa kumuuzia mtu ngozi yake. Aliitia chumvi mwenyewe na kuiweka darini. Alitaka iwambwe juu ya benchi ya mbele ya nyumba yake, ili akikaa jioni akae juu ya Maridadi.

"Mzee, hii si ngozi ya duka," alimwambia Fundi. "Ukiipoteza, huna pa kununua nyingine."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Tulifanya jaribio Jumamosi mchana, kiwanda kimelala. Fundi alikuwa amesaga kongosho kwa mashine ya kusagia nyama, akaiacha ilale usiku mzima kama kimea cha uji wa wimbi, akaianika kivulini. Mimi nilishika mizani yangu ya shaba. Nikasoma kitabuni: unga kiasi hiki kwa ngozi ya uzito huu, kwa muda wa saa tatu. Nikapima kiasi hicho hicho cha kongosho. Nakumbuka nilivyojisikia fahari, mimi na mizani yangu, mbele ya mzee na kiwiko chake.

Baada ya dakika arobaini hivi, Fundi alivuta ncha ya ngozi moja, akaibonyeza.

"Diploma, imeiva."

"Bado, Fundi. Kitabu kinasema saa tatu."

"Kidole kimebaki. Angalia."

"Kitabu hiki kinatumiwa na viwanda vya dunia nzima."

"Kiliandikwa wapi?"

"Uingereza."

"Na ng'ombe wa huko ni kama hawa?"

"Ng'ombe ni ng'ombe, mzee wangu."

Alikiangalia kidole chake, halafu akaniangalia mimi, halafu akakiangalia tena kidole. Naona mpaka leo jinsi alivyokuwa akipima. Upande mmoja ni miaka yake yote kwenye matangi. Upande wa pili ni karatasi yenye mhuri, na ndege iliyonileta, na watoto wake ambao alikuwa akiwaambia kila siku kwamba elimu haina makosa.

"Wewe umesoma," akasema. Akalifunika tangi. Tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi hapakuwa na ngozi. Palikuwa na uji. Ukiingiza mkono unatoka na utelezi na vipande kama ganda la maziwa. Ngozi tisa, na Maridadi ndani yake.

Kosa nililielewa usiku huo huo, kwa kuwa mimi si mjinga. Unga wa Ulaya, ule wa mifuko, si kongosho tupu. Sehemu kubwa ni unga wa mbao na chumvi ya kuondolea chokaa, na kongosho imetiwa kidogo tu, ili iwe rahisi kupima. Kitabu kilihesabu unga, mimi nikapima kongosho yenyewe. Ni kama kumpa mtoto chupa nzima ya dawa kwa sababu kijiko kimeandikwa "kimoja". Ningemsikiliza Fundi, ngozi zote tisa zingekuwa laini kwa dakika arobaini, nasi tungekuwa washindi siku hiyo hiyo. Nimejivunia mambo mengi maishani na nitaendelea. Hili silijivunii.

Jumatatu asubuhi wafanyakazi walikusanyika kwenye tangi. Karani wa stoo alishika pua. "Nani amepika?"

Kabla sijafungua mdomo, Fundi akasema, "Mimi. Nilichelewa kuzitoa."

Nilimfuata nyuma ya ghala la magome. "Kwa nini umesema hivyo? Kosa ni langu."

"Sikiza, Diploma. Hapa watu wakikupa jina, utazeeka nalo. Mimi tayari wananiita Fundi, hawawezi kulifuta. Wewe ukianza na uji, utaitwa Uji mpaka wajukuu wako waitwe watoto wa Uji. Na nani atakusikiliza ukisema jambo la kweli?"

"Na watu tisa?"

"Hao waliniazima mimi. Hawakukuazima wewe."

Akapanda baiskeli. Alienda kwa kila mmoja, yeye mwenyewe, akasema ameharibu. Nilikuwepo alipomwambia mmoja wa wauza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya lori.

"Mzee, ulinipa neno, sasa unaniletea uji?"

"Hata uji sijakuletea. Nimemwaga."

"Basi ungeniletea, mke wangu ana watoto wengi!" Wateja wakacheka. Fundi naye akacheka, kofia mkononi. Halafu akasema, "Nitakulipa ngozi kwa ngozi. Nipe muda."

Mjane hakucheka wala hakumtukana. Fundi aliporudi kutoka Subukia siku hiyo alikaa kwenye ngazi ya ghala mpaka giza. Nilimuuliza amesema nini.

"Ameniuliza kama nimekula."

Sitaki msomaji adhani kwamba baada ya hapo alikuwa mtu wa huzuni. Hakuwa na kipaji cha huzuni. Wiki iliyofuata alinunua ngozi ya mbuzi kwa pesa yake mwenyewe, tukaanza upya, na safari hii nilitumia elimu yangu inavyopaswa. Tulichanganya kongosho na unga wa mbao kutoka kwa mseremala jirani, na mbolea ya SA ambayo kila duka la wakulima Nakuru lilikuwa nayo, kwa kuwa mbolea hiyo ndiyo chumvi ile ile ya kuondolea chokaa. Hili la mbolea nililigundua mimi, na sioni haya kulisema. Alipoinua kidole gumba na kukuta alama imebaki, nilikuwa wa kwanza kufungua maji.

Ngozi ile ya mbuzi ilitoka laini kama sikio la mtoto. Fundi aliikunja, akaitia mfukoni mwa koti, akaingia ofisini kwa Tajiri na kuitoa kama leso. Tajiri aliinusa, akaivuta, akaikunjua, akaniangalia mimi, akamwangalia mzee.

"Hii ni ya mfuko?"

"Hapana, bwana. Ni ya mbwa."

Tajiri alicheka mpaka akakaa. "Basi nani ataniuzia unga wa mandazi?" Kuanzia mwezi ule hatukuagiza mfuko hata mmoja wa maandishi ya buluu. Kiwanda hakikufungwa. Wachinjaji waliosema atachoka walianza kudai malipo ya kongosho, na wakalipwa.

Fundi hakuishia hapo. Alianza kutia mate ya tumbo mapema zaidi, kwenye hatua ya manyoya, tukapunguza chokaa, na ile dawa ya mayai mabovu tukaipunguza zaidi ya nusu. Sikumfundisha mimi. Mimi niliandika tu, kwa mwandiko mzuri, kwenye madaftari ambayo ninayo mpaka leo. Siku hizi vijana wenye digrii huja kunieleza habari ya viwanda visivyochafua mito kana kwamba ni jambo lililozaliwa jana. Nawasikiliza kwa adabu. Nyuma ya kiwanda chetu palikuwa na mfereji uliokuwa mweupe kama maziwa mabovu, usio na kiumbe. Msimu wa pili wa mvua nilimkuta Fundi amechuchumaa pale, kidole mdomoni kuninyamazisha. Vyura walikuwa wanalia. Alinishika mkono tukawasikiliza kama watu waliokuja tamashani. Kisha akasema, "Hawa nao sasa watataka mshahara," akaondoka.

Kulipa kulichukua muda. Alimwomba Tajiri ampe sehemu ya marupurupu yake kwa ngozi mbichi, moja kila baada ya miezi kadhaa, akaitengeneza mwenyewe Jumamosi mchana. Nilijitolea kununua zote tisa mara moja. Nilikuwa na mshahara mzuri. Alikataa. "Ukinunua wewe, utakuwa umelipa wewe." Nikiri kwamba nilisikia nafuu, na nikiri kwamba nafuu hiyo ilinikera kwa miaka.

Muuza nyama mnene alipata ngozi yake akaifanya mkanda mpana, akawa anawaonyesha wateja kama bingwa wa ngumi. Yule wa Olenguruone alipata yake akatutumia gunia la viazi bila kuombwa. Mmoja baada ya mwingine, wanane wakalipwa. Mjane peke yake ndiye aliyekataa. Fundi alimpelekea ngozi nzuri mara mbili, na mara mbili akarudi nayo.

"Anasema ni ngozi nzuri," Fundi alinieleza, "lakini ng'ombe huyo hamjui."

Wakati huo mimi nilishaacha kazi ya Tajiri, nimeanzisha kiwanda changu mwenyewe cha ngozi, kidogo lakini changu, na jina langu limeandikwa ukutani kwa rangi isiyofutika kwa mvua. Fundi alikuwa amestaafu, lakini alikuja kila Ijumaa kukosoa. Ijumaa moja alikuja akiwa amenyooka zaidi ya kawaida.

"Mama wa Subukia ametuma mtu," akasema. "Binti ya Maridadi amevunjika mguu mteremkoni. Wamemchinja. Anasema niende nikachukue ngozi."

Sikuelewa mara moja. "Anakuazima tena?"

"Ananiazima tena."

Alisema hivyo akageukia ukuta, akajifanya anasoma jina langu, yeye asiyejua kusoma.

Ngozi ile ilipita kwenye kiwanda changu peke yake, tangi zima kwa ajili yake. Fundi hakuondoka. Kiwiko chake ndicho kilichopima maji. Ilipofika wakati wa kubonyeza, macho yake yalikuwa yamefifia, akaniita. "Angalia wewe. Mistari imebaki?" Nikaangalia. Ilikuwa imebaki yote. "Toa," akasema, nikaitoa kwa mikono yangu mwenyewe, suti ikiwa mwilini.

Tuliipeleka kwa pikapu yangu. Mjane alikuwa amezeeka kidogo, lakini alisimama uani wima, na benchi ilikuwa mbele ya nyumba, mbao tupu. Fundi alikunjua ngozi juu ya mikono yake miwili kama mtu anayemkabidhi mama mtoto mchanga. Mjane aliipapasa kutoka shingoni mpaka mkiani.

Ndipo nikasikia sauti yangu. "Mama, ngozi ya kwanza ni mimi niliyeiharibu. Mzee alisema imeiva, mimi nikakataa. Nilikuwa na kitabu."

Fundi alikohoa kwa hasira. Mjane aliniangalia suti, akaniangalia viatu, akarudi usoni.

"Wewe ndiye Diploma?"

"Ndiyo, mama."

"Nilijua kuna mtu. Mzee huyu alikuja akaniambia amechelewa. Mtu anayefika kwangu kabla jogoo hajawika, anachelewa vipi?" Akamgeukia Fundi. "Na wewe, uongo huuwezi. Usijaribu tena."

"Sitajaribu, mama."

"Haya, Diploma. Vua hilo koti, shika upande ule. Vuta."

Nikavua koti. Nilivuta upande wangu, yeye akavuta wake, na Fundi akapiga misumari mmoja mmoja, akiingiza ya kwanza katikati na kwenda pembeni, akinikaripia kila nilipolegeza. "Vuta! Bado ina maji. Vuta!" Jasho lilinitoka kuliko siku zote za Ulaya. Watoto wa jirani walisimama kwenye ua wakituangalia watu wazima watatu tukishindana na benchi.

Msumari wa mwisho ulipoingia, mjane alimwonyesha Fundi benchi kwa kidevu. Fundi akatikisa kichwa.

"Mwenyewe kwanza, mama."

Mjane akafuta mikono kwenye leso yake, akageuka, akakaa. Akajisogeza kidogo kushoto, halafu kidogo kulia, mpaka alipopata mahali pake. Ndipo akatuambia sisi wawili tukae, kulikuwa na nafasi, na akamwita binti yake alete chai.